Shukrani kwa Ajili ya Mashine ya Eyram

Kazi ya Abla ilikuwa tope. Wapo wanawake wa kijiji cha Avedzi waliokamua mawese, mafuta mekundu yanayonukia mpaka barabarani, na watu wakawaheshimu kwa hayo. Na wapo waliobaki na kokwa. Abla alibaki na kokwa. Alizipasua jiwe kwa jiwe, kisha akamwaga viini na maganda pamoja kwenye pipa la maji yaliyokorogwa udongo wa mfinyanzi, maana kwenye maji mazito namna ile kiini huelea na ganda huzama. Halafu ingiza mikono hadi viwiko, chota, suuza, chota tena. Kucha zake zilikuwa zimeoza. Ukimsalimia alikupa kifundo cha mkono, kiganja amekikunja kwa aibu.

Alikuwa mjane. Mumewe Komla, mgema, alianguka kutoka juu ya mchikichi asubuhi moja ya jua zuri kabisa, na kwa kuwa watu hawapendi kifo kisicho na mkosaji, yakasemwa maneno. Abla aliyasikia yote. Aliachiwa binti mmoja, Eyram, mwanafunzi wa sekondari, mtoto wa maneno machache na macho mengi.

Macho hayo ndiyo yaliyoona. Eyram alikaa likizo nzima akimtazama mama yake pale pipani, akaona kwamba kiini ni cha mviringo na ganda ni bapa. Cha mviringo hubingirika. Bapa hung'ang'ania. Basi, ni hilo tu! Ukiambiwa unasema lo, hata mimi ningeliona. Lakini hukuliona. Watu wa Avedzi walitia mikono topeni tangu enzi za babu wa babu zao, na hakuna aliyeliona.

Akachukua mbao mbili, akazivika gunia kuukuu, akaziinamisha, akaziunganisha na pedali ya baiskeli mbovu ya mjomba wake. Ukizungusha, mbao zinatikisika moja huku nyingine kule. Viini vinabingirika chini hadi kwenye beseni. Maganda yanapanda polepole kama wazee wanaopanda ngazi, yanaangukia nyuma. Hakuna maji wala tope. Abla alipozungusha mara ya kwanza na kuona beseni linajaa viini vikavu, alikaa chini akalia, na Eyram akacheka kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya.

Shuleni kulikuwa na shindano la wavumbuzi wanafunzi. Waamuzi waliitazama mashine nyuma ya pazia, mmoja mmoja, kila mmoja akiapa kufunga mdomo. Eyram akashinda, akachaguliwa kwenda fainali ya taifa kule Lomé, mji mkuu. Kabla ya fainali akaja Bi Dédé.

Bi Dédé alikuwa mwanasheria wa shindano, mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti ya kukwaruza, na kazi yake ilikuwa moja: kulinda mawazo ya watoto wasiibiwe. Alikaa uani kwa Abla kwenye kigoda, akala fufu mpaka akalegeza kitenge kiunoni, kisha akaitazama mashine ikifanya kazi. Hakucheka.

"Mama Eyram, nisikilize vizuri," alisema. "Kitu hiki ni chepesi. Wepesi wake ndio uzuri wake, na ndio hatari yake. Fundi yeyote akikiona kikifanya kazi, muda wa kumeza tonge tu, kesho anacho chake."

"Sasa tufanyeje, Bi Dédé?"

"Kifunikeni. Mimi nachora michoro, napeleka ombi la hataza, ile karatasi ya kusema kitu hiki ni cha Eyram na mtu mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Mpaka niwaambie nimeshapeleka, asikione mtu. Si jirani, si ndugu, si mchumba. Sheria ya kwetu haina huruma. Kitu kikishaonyeshwa hadharani kabla ya ombi, si kipya tena, na kisicho kipya hakilindwi."

"Hata akionyesha mwenyewe?"

"Hata mwenyewe, mama. Yeye hasa."

Akaeleza lililobaki. Kiwanda cha mafuta cha bondeni kilikuwa kimeulizia. Kingekubali kulipa kila mwaka kwa kutumia wazo la Eyram, mradi karatasi iwepo, na malipo hayo yangetosha kumsomesha Eyram chuo cha ufundi Lomé. Bila karatasi, nani anunue kitu ambacho kila fundi anaweza kukigonga uani kwake? Abla alielewa. Alielewa vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia, maana mjinga husamehewa upesi.

Bi Dédé hajafika hata Lomé, Tasi Yawa akaingia.

Tasi Yawa alikuwa dada wa marehemu Komla. Kwetu tasi, yaani shangazi wa upande wa baba, si mtu wa kupuuzwa. Yeye ndiye anayempa mtoto baraka, na akikunja uso, hata maziko hayaendi. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye simu kubwa iliyofungwa shingoni kwa kamba, na mdomo usiojua Jumapili wala Jumatatu.

"Wifi," alisema kabla hajaketi, "nimesikia mtoto wa kaka yangu kashinda. Nimesikia barabarani kwa muuza maandazi! Shukrani kanisani lini?"

"Tasi, tumekatazwa. Mashine isionekane kwanza."

"Nani kakataza?"

"Yule mwanasheria."

"Ahaa. Mwanasheria ndiye aliyempa mtoto akili? Wifi, mtoto wa Ametowoyona kapita mtihani wa darasa la sita, mtihani wa watoto wanaotoka kamasi, wakavaa kitenge sare ukoo mzima, wakacheza mpaka madhabahuni. Wewe Mungu kakupa mvumbuzi, unamfunika na gunia. Kitu kisichoshukuriwa huondoka. Kaka yangu alinunua pikipiki hakuishukuru, iko wapi?"

"Tutashukuru baada ya karatasi."

Tasi Yawa akashusha sauti, na aliposhusha sauti ndipo alipokuwa hatari. "Wewe endelea kufunika. Unajua watu wanasema nini juu ya mwanamke anayefunika kitu nyumbani kwake, mume akiwa hayupo tena? Mimi sisemi. Mimi ni wifi yako. Lakini mdomo wa Avedzi sina kufuli lake."

Abla hakulala vizuri. Si kwamba aliogopa uchawi, aliogopa kuitwa mchawi, na hiyo ni hofu yenye miguu: inakufuata sokoni, inakufuata kisimani. Asubuhi akamwambia Eyram, "Tutaenda kushukuru. Lakini tutaibeba imefunikwa. Mungu anaona ndani ya kitambaa."

Eyram aliitazama mashine. "Mama, tusiende nayo. Twende sisi tu."

"Shukrani ya mikono mitupu ni shukrani gani, mwanangu? Itafunikwa, nimesema."

Jumapili ile ukoo wote ulivaa kitenge kimoja, cha bluu chenye ndege. Abla na Eyram waliibeba mashine katikati yao, imefunikwa shuka jeupe, kwaya mbele, ngoma nyuma, wakaingia wakicheza hatua fupi fupi kuelekea madhabahuni. Na hapo ndipo Abla alipogundua jambo ambalo angepaswa kulijua kabla hajatoka nyumbani. Kwetu, kitu kinachobebwa na watu wawili, kimefunikwa shuka jeupe, kinapita katikati ya watu, ama ni maiti ya mtoto ama ni kitu cha mzimu. Nyimbo zilianza kulegea. Wanawake wa viti vya pembeni wakavuta watoto wao. Mtu akasema, si kwa sauti ya chini vya kutosha, "Hata mumewe alifunikwa hivyohivyo."

Mchungaji, mtu mwema asiyejua kitu, akacheka ili kuponya hali. "Mama Eyram! Tumshukuru Mungu kwa kitu tusichokiona? Au ni kondoo humo ndani?"

Watu wakacheka. Tasi Yawa akapaza sauti kutoka nyuma, "Wifi, funua! Waone mikono ya Mungu!"

Na Abla akafunua. Alilivuta lile shuka kwa nguvu moja, kama mtu anayejivua aibu ya miaka. Akatoa kokwa zilizopasuliwa alizokuja nazo kama sadaka, akamimina juu ya mbao, akazungusha pedali. Viini vikabingirika chini, maganda yakapanda. Kanisa likalipuka! Wanawake walijua walichokuwa wanakiona. Kila mmoja wao alikuwa na kucha zilezile. Walipiga vigelegele, wakarusha vitambaa, wakamzunguka Abla wakicheza. Na simu, jamani, zilikuwa nyingi kama mishumaa ya mkesha. Tasi Yawa alipanda juu ya benchi na simu yake ili asikose kitu. Kabla ugali wa mchana haujaiva, video ilikuwa imepakiwa kwenye ukurasa wa kanisa, nayo ikaruka kutoka simu hadi simu, mpaka Libreville kwa mtoto wa Tasi Yawa, mpaka kwa watu wasiojua Avedzi iko upande gani.

Usiku wa siku hiyo hakuna aliyemwita Abla mchawi. Alijiambia kuwa mtoto naye alifurahi. Alijiambia alimwona akitabasamu pale mbele.

Kesho yake akili ilimrudia. Akakimbia kwa Mchungaji, na Mchungaji akawaamuru vijana waifute ile video kwenye ukurasa, nao wakaifuta. Lakini kilichokwisha kuingia kwenye simu za watu utakitoa na nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

Wiki chache baadaye Bi Dédé alirudi na michoro yake kwenye bahasha, mchovu, amefurahi. "Napeleka wiki hii," alisema. "Swali moja la mwisho, nalazimika kuliuliza. Mmemwonyesha mtu?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na Abla aliziona zote. Akamtazama Eyram. Akakiona chuo cha Lomé. Akaliona pipa.

"Hapana," alisema Abla.

"Na wewe, Eyram?"

Mtoto aliinamisha kichwa. "Mama ameshasema."

Bi Dédé akafunga bahasha. Ombi likaenda.

Haikupita muda mrefu, Abla akaenda kuuza viini soko la Kpalimé, akaiona. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, mbao mbili zilizovikwa bati badala ya gunia, pedali mpya inayong'aa. Kulikuwa na nyingine nyuma yake, na nyingine nyuma ya hiyo. Mbele yake alikaa bwana mmoja mwembamba, Bwana Sossou, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma, anakula karanga.

"Umeipata wapi hii?" Abla alimuuliza, na sauti yake haikuwa yake.

"Nimeitengeneza, mama. Bei nzuri. Utaacha tope."

"Ni ya binti yangu!"

Bwana Sossou akatema ganda la karanga. "Binti yako ni fundi wa kuchomelea?" Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Leo mchana kila kitu ni cha binti wa mtu. Hata hilo jua litakuwa la binti yake." Wakacheka. Abla alirudi nyumbani bila kuuza chochote, na hakumwambia Eyram. Siri zilikuwa zimekuwa nyingi mno. Moja zaidi ilipata pa kukaa.

Siku ya fainali, ukumbi wa Lomé ulijaa hadi milangoni. Palikuwa na mabango, wazazi, watu wa viwanda, ukuta mweupe wa kuonyeshea picha. Abla alikaa mstari wa pili na Tasi Yawa ubavuni, wote kwenye kitenge cha ndege. Eyram alieleza mashine yake jukwaani kwa sauti ndogo iliyo wazi, akazungusha pedali, na watu wa kiwanda cha bondeni wakanong'onezana wakiitikia kwa vichwa kwa kuridhika. Abla alihisi kitu kinafunguka kifuani. Labda Mungu alikuwa ameipokea ile shukrani na kuuziba ule ufa.

Mwenyekiti wa waamuzi, Mhandisi Tchalla, mzee mrefu mwenye mvi, alikuwa na desturi yake. Kabla ya kutangaza aliuliza kama padri kwenye ndoa: "Mwenye neno juu ya kazi yoyote, na aseme sasa."

Bwana Sossou akasimama.

Alikuwa amevaa suti. Alisema bila haraka kuwa mashine hii anaiuza yeye Kpalimé, na kwamba ya kwanza aliiuza kabla binti huyu hajapeleka ombi lake popote, na aliyeinunua yupo, amekaa palepale nyuma. Mnunuzi akasimama akakubali. "Mimi simchukii mtoto," alisema Bwana Sossou. "Mtoto akiona kitu kizuri sokoni, anakiiga. Ndivyo tunavyojifunza. Lakini zawadi ya taifa kwa kuiga, mheshimiwa?"

Ukumbi ukaanza kunguruma. Mzee Tchalla akamgeukia Eyram. "Binti, uliiona sokoni?"

"Hapana, baba. Niliifikiria nyumbani."

"Basi yeye ndiye aliyeiona kwako?"

Eyram akafungua mdomo, akaufunga.

Bi Dédé alikuwa amesimama tayari, amekunja uso, anatafuta njia ya kumwokoa. "Eyram, jibu. Labda alipita kwenu? Labda mlimwonyesha mtu aliyemwambia?" Kisha nikwambie, yule mwanamke alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio ulioufunga mlango. Aliwageukia waamuzi. "Mimi mwenyewe niliwauliza kabla ya kupeleka ombi. Waliniambia hakuna mtu aliyeiona."

Mzee Tchalla akavua miwani. "Kama hakuna mtu aliyeiona yako, hakuna aliyeweza kuiga yako. Mashine ni moja. Ya huyu bwana ilitangulia. Sasa nisaidie, mwanangu. Nani amemwiga nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, tunasema, lakini hatusemi jinsi inavyokuwa nyembamba mwishoni, mpaka huwezi kugeuka. Mtu wa nyuma akasema "Mwizi," bila kupayuka, kama anayetaja jina la kitu. Eyram alishika ukingo wa mashine yake. Hakumtazama mama yake. Angeweza kumtazama, na hakumtazama.

Abla akageuka. "Wifi, nipe simu."

Tasi Yawa aliikumbatia simu kifuani. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ananong'ona. "Usithubutu. Wewe una wazimu? Wakiona ile, karatasi imekufa. Mwanasheria alisema."

"Nipe."

"Watasema nyinyi waongo!"

"Mimi ndiye mwongo. Mtoto si mwizi. Nipe simu, Tasi, kabla sijaikata hiyo kamba na shingo yako."

Akampa.

Ikachukua muda kuunganisha, na kila mtu akangoja. Kisha kanisa la Avedzi likawa kubwa ukutani, na sauti ya kwaya ikajaa ukumbi. Tarehe ilionekana chini. Hakuna aliyeuliza zaidi. Ile Jumapili ilikuwa imetangulia kila kitu cha Bwana Sossou. Na kwa kuwa watu wetu ni watu wetu, ngoma ilipoanza, wachache walianza kupiga makofi kuifuata, bila kujijua.

Abla alijiona akija, kitenge cha ndege, jasho usoni. Alisikia kicheko cha Mchungaji. Alisikia sauti ya Tasi Yawa, karibu sana, ikipiga kelele afunue. Akauona mkono wake mwenyewe unashika shuka.

Halafu akaona kile ambacho hakukiona siku ile. Upande wa pili wa mashine, Eyram alikuwa ameishika pembe ya shuka kwa mikono miwili. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa anatikisa kichwa, mdomo wake unasema mama, mama, usi..., na shuka likavutwa kutoka mikononi mwake kwa nguvu hata akapepesuka hatua moja nyuma. Kisha wanawake wakamzunguka Abla wakicheza, na mtoto akapotea nyuma ya vitambaa vinavyorushwa.

Makofi ukumbini yalikwisha. Abla alisimama amekodoa macho ukutani. Miezi yote ile alikuwa na tabasamu moja moyoni la kumtuliza, na tabasamu hilo halikuwahi kuwepo.

"Mimi ndiye niliyefunua," alisema, kwa yeyote. "Mimi ndiye niliyesema hapana. Yeye alinikataza."

Bwana Sossou hakuona haya. "Sawa, niliiona kwenye simu. Mtu akiimba kanisani, mpita njia akiitikia, ameiba wimbo?"

Waamuzi walitoka, wakarudi. Mzee Tchalla alisema polepole, naye hakuifurahia kazi yake. Mtoto si mwizi. Iandikwe na kila mtu asikie. Wazo ni lake. Lakini lilionyeshwa kwa umma kabla ya ombi, na wenyewe, kwa hiyo ombi halina miguu, na lilikwenda na neno la uongo, kwa hiyo shindano haliwezi kulitunza. Mashine ni ya kila mtu aliyeiona. Watu wa kiwanda cha bondeni walimpa Eyram mkono kwa adabu nyingi, wakampongeza, wakaenda kumuuliza Bwana Sossou bei ya jumla.

Nje, kwenye ngazi, Bi Dédé alimkabili Abla. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ungeniambia siku ile, ningetafuta namna. Ningekaa na kiwanda kabla hakijajua, tukafunga mkataba wa kazi, wa mafunzo, wa chochote. Mama Eyram, mimi nilikuwa upande wenu. Mlinificha mimi!" Akashuka ngazi bila kuaga, akarudi, akambusu Eyram kwenye paji la uso, akashuka tena.

Abla akabaki na mwanawe. Akapiga magoti palepale kwenye saruji, mbele za watu, mzazi kwa mtoto, jambo lisilofanywa.

"Nisamehe, mwanangu."

"Simama, mama. Watu wanatazama."

"Na watazame. Nisamehe."

Eyram akamshika viwiko, akamwinua, akamfuta vumbi magotini. "Nimeshakusamehe. Nilikusamehe palepale kanisani, ulikuwa umefurahi sana." Akatafuta namna ya kulisema bila kuumiza, na hakuipata. "Ila nakuomba kitu kimoja. Siku ukiniona nimekaa nafikiri, usiniulize nafikiri nini."

Waliporudi Avedzi, Eyram aliifungua mashine kipande kwa kipande. Baiskeli alimrudishia mjomba, mbao zikaivisha uji. Chuo hakikutajwa tena. Wanawake wa kijiji walinunua mashine za kijani, mmoja baada ya mwingine, na viini vilipokuwa vingi sokoni bei ikashuka, na Abla aliyebaki na pipa lake akalazimika kuzidisha kazi ili apate kilekile cha zamani. Tasi Yawa alimletea mashine ya kijani kama zawadi, huku analia. Abla alimshukuru, akampa jirani.

Ulipofika msimu wa vumbi, nyuma ya jiko kukaanza kusikika sauti ya nyundo. Ilikuwa inagonga kidogo, inanyamaza kwa muda, inagonga tena. Kutoka pale pipa lilipokuwa siku zote, chini ya kivuli cha paa, mtu angeweza kuona moja kwa moja hadi nyuma ya jiko.

Abla alilimwaga pipa, akalibiringisha hadi upande wa pili wa nyumba, juani, ambako hakuna anachoweza kuona isipokuwa ukuta. Akachota udongo mpya, akakoroga maji. Tasi Yawa alipopita na kumuuliza kwa nini amehama kivulini na jua kali namna hii, alimjibu kuwa huku kuna upepo.